Uzi Mwekundu wa Fundi Shabani

Harufu ya pasi ya makaa juu ya kitambaa chenye unyevu hunirudisha hadi leo kwenye kibaraza cha fundi Shabani, pale Gisenyi, hatua chache kutoka njia iendayo Petite Barrière, kivuko cha mpakani. Alishona suti za mabwana harusi na sare za shule, na mkasi wake ulikuwa wa vitambaa tu. Uzi aliukata kwa meno, kama mafundi wote wa mtaa wetu, akiinamisha kichwa utadhani anaibusu nguo.

Nilikuwa darasa la mwisho la shule ya msingi. Idi ilipokaribia, mama yangu, mjane aliyeuza vitenge sokoni, alimpelekea kitambaa cha kijivu anishonee suruali. Ikaja fupi, ikiishia juu ya vifundo vya miguu, na siku ya sala nikamwona mtoto wa fundi amevaa kofia ya kitambaa kilekile. Nilikwenda kumuuliza fundi. Alinizaba kofi mbele ya wateja.

"We mutoto, miguu yako ndiyo imerefuka! Mama yako alipima na macho ya kuku?"

Wateja wakacheka. Kofi ningelisahau. Kicheko kile juu ya mama yangu sikukisahau, na nilirudi nyumbani nikiapa kwamba nitamlipa.

Nafasi ilikuja yenyewe, muhula uleule. Nilipita kibarazani nikaona uzi mweupe ukitoka kinywani mwake na wekundu kwenye ncha. Fizi zake zilikuwa zimevimba, nyekundu kama nyama mbichi, na ukoga wa manjano umeganda chini ya meno.

"Kuya hapa, musomi," aliniita kwa sauti ya chini. "Kila nikipiga mswaki, damu. Na mudomo inanuka, bibi yangu, mama watoto, analalamika. Kule kwa masomo wanasema nini?"

Nilijua. Muuguzi alikuwa ametufundisha darasani: fizi zikitoka damu ni ugonjwa umeanza, usiache kusugua, sugua taratibu asubuhi na kabla ya kulala, pale jino linapokutana na ufizi, safisha katikati ya meno, na ukoga ulioganda ukaondolewe kliniki mapema, kabla fizi hazijarudi nyuma na meno kulegea. Maneno yote nilikuwa nayo mdomoni.

"Mswaki ndio unaokuchubua, fundi," nikamwambia. "Usipaguse panapotoka damu mpaka pakauke."

"Bon! Muone faida ya masomo!" akawaambia wateja, akanipiga bega.

Sitajitetea. Nilifurahi. Kwa miezi mingi nilipita pale kila siku, ingawa haikuwa njia yangu, ili nihesabu wekundu ule. Jino la mbele lilipong'oka, lilimtoka katikati ya kazi, limenasa kwenye uzi wa koti la bwana harusi. Kibaraza kizima kilicheka, nami nikacheka kuliko wote, nikimwangalia usoni ajue ni mimi.

Hakujua. Aliokota jino, akalifunga kwenye kipande cha kitambaa, akaniambia: "Nilifuata dawa yako, mwanangu, lakini nilichelewa kukuuliza. Makosa ni yangu."

Nilikuwa na muda wa kusema kweli. Meno yake mengine yalikuwa bado yamesimama. Nikanyamaza, kwa sababu kofia ya kijivu ilikuwa bado inapita mtaani. Alizikwa akiwa hana jino hata moja, na sikumwambia.

Siku hizi vibaraza vya mafundi vina mashine za umeme, na kliniki ya meno ni mwendo mfupi kutoka kwangu. Mjukuu wangu aliponionyesha povu jekundu kwenye mswaki wake, nilimshika mkono tukaenda asubuhi ileile. Fizi zake zimepona. Kicheko kile juu ya mama bado kinaniwasha, na wizi wa kitambaa sijamsamehe Shabani. Lakini mimi nilikuwa nimemnyang'anya zaidi ya kitambaa. Meno yangu karibu yote yapo, nayatunza kwa yale niliyomficha. Kifungo cha shati kikikatika nashona mwenyewe, na ninapofika mwisho wa uzi, nainuka kutafuta mkasi.