Mkono Wangu, Kesi ya Serikali

Fundi cherehani aliyejulikana kwa jina la utani la Pindo alivunjwa mkono wa kulia na shemeji yake, mwashi aliyemuoa dada yake. Waligombana kwa sababu ya maji. Mwashi alichimba mfereji vibaya nyuma ya nyumba, mvua ikanyesha, chumba cha kushonea kikafurika na vitambaa vya watu vikalowa chapachapa. Maneno yakapanda, wakashikana mashati, Pindo akasukumwa, akauangukia mkono.

Zamani jambo hilo lingeishia sebuleni kwa mkubwa wa ukoo. Kila mtu angetoa la moyoni, kisha mvunjaji angekuwa mkono wa aliyevunjwa hadi mfupa uungane: amchotee maji, amfulie, hata kitambaa amshikie. Haikuandikwa popote na hakuna aliyeisahau. Siku hizi kuna kituo cha polisi, na Pindo, mkono ukining'inia, alikwenda huko na hasira zake.

"Nilitaka wamtishe tu," alimwambia dada yake. "Alale ndani kidogo, akili zimrudie."

"Kaka, umemfungulia simba mlango, sasa unamwomba asile?"

Hasira zilipoa kabla plasta haijakauka. Siku ya kesi Pindo alivaa koti lake zuri, akakaa mbele, maneno yote tayari kichwani: nimemsamehe, tuachieni wenyewe tuyamalize.

Karani akaita, "Shahidi wa kwanza!"

Hakuna aliyesimama, akaita tena. Pindo akageuka nyuma kumtafuta huyo shahidi mzembe.

"Mzee, ni wewe!"

"Mimi si shahidi, mwanangu. Mimi ndiye mwenye kesi."

Watu wakaangua kicheko. Hata mwashi kizimbani akashindwa kujizuia. "Shemeji, simama bwana, usitucheleweshe!"

Hakimu hakucheka wala hakufoka. Alimweleza taratibu kwamba anayeshtaki ni serikali, na yeye ameitwa kusema yaliyomkuta.

"Lakini mkono ni wangu, mheshimiwa."

"Mkono ni wako. Kesi ni ya serikali."

"Na msamaha wangu?"

"Nitauzingatia. Nani alikusukuma?"

Pindo alikuwa ameshaapa. "Ni yeye," akasema, na mwashi akainamisha kichwa.

Msamaha ulipunguza kifungo, haukukiondoa. Waliosoma husema haya ndiyo maendeleo: serikali ilichukua ugomvi mikononi mwa watu ili koo zisiuane kwa visasi. Visasi vilikuwapo, nani atabisha? Ila walipovizoa waliuzoa na msamaha humohumo, na hakuna aliyerudi kuuchambua.

Mfupa uliunga kombo. Pindo alipokwenda gerezani kumwona mwashi, alimkuta amekonda.

"Wamenitia karakana ya kushona, shemeji. Nashona sare."

"Wewe? Kutunga uzi tu kunakutoa jasho!"

"Nimefundishwa. Mshono wangu sasa umenyooka kama ukuta."

"Basi umenyooka kuliko mfereji wako."

Wakacheka, kisha kicheko kikawaishia wote wawili kwa pamoja. Mikono ile ilipaswa kuwa kwenye cherehani ya Pindo, ambayo ilikuwa nyumbani ikiota kutu. Pindo alitaka kuomba radhi. Lakini askari alisimama kati yao akisikiliza kila neno, na Pindo hakujua radhi ya shemeji inaombwaje mbele ya askari. Akamuuliza kama chakula kinatosha.

"Kinatosha," mwashi akajibu. Askari akasema muda umekwisha.