Mayai Yaliyosingiziwa

Kazini walimwita Siafu, kwa sababu hatulii. Alikuwa bibi afya kwa miaka kumi na sita, na kazi yake kubwa ilikuwa kuwauliza wagonjwa walikula nini. Watu husahau jina la jirani, sembuse chakula cha Jumanne iliyopita, lakini Siafu alijua kuwachokonoa taratibu mpaka wakumbuke hata kipande cha tikiti walichokila wamesimama.

Wiki ile walilazwa watoto tisa wa chekechea moja, homa na kuhara. Maabara ilipopima choo chao ikakuta bakteria wa salmonela, aina ileile kwa wote. Shuleni kila asubuhi walipewa uji na yai la kuchemsha, na mayai yalitoka kwa mama mmoja mwenye kibanda ng'ambo ya barabara. Salmonela na kuku ni chanda na pete, Siafu hakungoja. Siku hiyohiyo akakifunga kibanda, akabeba trei mbili za mayai zikapimwe.

Ila kulikuwa na mgonjwa wa kumi, bibi wa miaka sabini, naye alikuwa na bakteria walewale. Huyu alisema yai hajalitia kinywani tangu mimba ya kitindamimba wake. Hata harufu yake inamchefua. Mkuu wa kazi akamwambia Siafu amwache bibi huyo, wazee husahau. Siafu akaitikia, lakini maneno ya bibi yakamkaa kama mwiba wa samaki kooni.

Nyumbani akawa hakaliki. Anaanza kukata vitunguu, anaviacha, anakwenda kufungua daftari, anarudi jikoni hajui alifuata nini. Mumewe akamuuliza kama hao siafu sasa wamemwingia nguoni. Hakucheka. Majibu ya mayai yalichukua siku nne, na siku zote nne alipita mbele ya kibanda akageuza uso. Mtaa ulikuwa umeshahukumu: mama wa mayai aliitwa muuaji, na hakuna aliyekufa.

Siku ya tano majibu yakaja. Mayai yalikuwa safi.

Siafu akarudi kwa bibi yule, safari hii bila fomu. Akamwomba amsimulie tu Jumamosi na Jumapili yake, kuanzia alipoamka. Bibi akasimulia: alifua, akajilaza kidogo, akampikia mjukuu wake anayesoma chekechea ileile, akaosha beseni la mgeni.

"Mgeni gani, mama?"

"Kobe wa shule. Kila mwisho wa wiki analala kwa mtoto mmoja. Zamu ilikuwa yetu."

Beseni aliliosha kwenye sinki la jikoni, sahani zikiwa humohumo. Na watoto je? Bibi akacheka, akasema hawamwachi kobe bila kumbusu.

Chai ilikuwa haijamiminwa, Siafu yuko mlangoni anavaa viatu. Kobe alipopimwa, alikutwa na bakteria walewale. Mnyama huyo huwabeba tumboni wala asiumwe. Akaondolewa shuleni, watoto wakamlilia kuliko walivyoulilia ugonjwa. Wote kumi walipona.

Ikabaki safari moja. Jioni Siafu akaenda kwa mama wa mayai, akambandulia mlangoni karatasi ya amri ya kufunga, akamwambia, "Nimekukosea, dada."

Mama wa mayai akaitazama barabara, kisha akamtazama yeye. "Ulipokuja kufunga ulikuja saa sita mchana, na watu wanne, na gari la ofisi. Kufungua umekuja peke yako, kwa miguu."

Siafu akarudi nyumbani. Usiku mzima aligeuka kitandani kama chapati.

Kesho yake saa sita gari la ofisi likasimama palepale, wakashuka watu walewale wanne, mkuu akinung'unika kwamba hayo hayamo kwenye mwongozo. Siafu akangoja watu wajae, akasoma majibu ya maabara kwa sauti, akaongeza ambalo halikuandikwa: "Mayai ya mama huyu hayakuwa na kosa. Kosa lilikuwa langu, nilifanya haraka."

Wateja wengine walirudi wiki ileile. Wengine hadi leo hupita upande wa pili wa barabara. Siafu hununua mayai pale kila Ijumaa. Wanasalimiana vizuri, ila urafiki haujawahi kuwepo.