Jiwe Lililokataa Kuanguka

Jana, pale mtaani Biryogo, mchoma nyama alidondosha mfupa kwenye makaa. Harufu yake ilipotufikia mama aliacha kutafuna, nami kwa mawazo nikajikuta tena mtoto, kwenye shamba letu la maharage kule Ndera.

Mama alikuwa amekanyaga kifutu, yule nyoka mzito asiyemkimbia mtu. Bibi alimlaza kivulini, akamchanja kwa wembe penye alama za meno, akabandika jiwe jeusi, kipande cha mfupa wa ng'ombe kilichochomwa. Kwetu jiwe hilo halibanduliwi. Husubiriwa lishibe sumu, lianguke lenyewe. Nikawekwa kulilinda.

Lilinata. Mguu ulivimba, ngozi ikang'aa kama biringanya, na damu ya penye wembe ikakataa kuganda. Kisha fizi za mama zikaanza kuvuja.

"Bibi, mguu iko inavimba mpaka kwa goti."

"Ngoja. Jiwe bado iko inanyonya."

Majirani walishaleta machela ya kumpeleka hospitali, lakini hakuna aliyethubutu kumwinua mgonjwa kabla jiwe halijaanguka. Nikawaangalia watu wazima wote wale wakiliangalia jiwe. Nikaingiza kucha chini yake, nikalibandua, nikalirusha kwenye maharage.

"Imeanguka," nikasema.

Wote walikuwa wameona. Bibi alizitazama kucha zangu zenye damu, kisha akawageukia wabebaji.

"Hamjasikia? Imeanguka. Mwinueni."