Viti Thelathini na Viwili Nyumbani kwa Nyaluak

"Nyaluak, huo utajiri umeuficha wapi, na sisi tumepakana ukuta kwa ukuta?"

Mama Thuok alimuuliza hivyo jirani yake hapa Kalobeyei, kwenye makazi yetu ya wakimbizi, mwezi ule Nyaluak alipokatiwa chakula cha msaada. Alikuwa anatania. Nyaluak hakucheka.

Nyaluak ni mjane kutoka Sudan Kusini, naimba naye kwaya ya akina mama. Analea wajukuu wanne. Anafuma vitambaa vya meza, na wiki akiuza kimoja anamshukuru Mungu. Mlango wake ni wa bati na unafungika vizuri, ndiyo maana kanisa lilimwomba atutunzie viti vyetu vya plastiki.

Basi wakaja watu wa shirika la msaada kuandikisha mali za kila nyumba, simu mkononi. "Mama, uko na viti ngapi?" Nyaluak hasemi uongo. Akajibu, "Niko navyo thelathini na viwili." Kwa Kiswahili chetu, kitu uko nacho hata kama umewekewa tu. Hawakuuliza ni vya nani.

Chakula kilipokatwa, nilimsindikiza ofisini kwao. Bwana Njenga wa dawati la malalamiko akatueleza. Wataalamu walichunguza familia nyingi katika mji mwingine, wakaona mwenye viti zaidi ya kumi huwa na hoteli au huvikodisha, kwa hiyo anajilisha. Wakaiweka hesabu hiyo kwenye kompyuta, nayo ikamtupa Nyaluak kwenye kundi la wenye uwezo.

"Hesabu ni sahihi, mama. Ilijaribiwa."

"Ilijaribiwa wapi, mwanangu? Ilikuja lini kufunua sufuria yangu?" Nyaluak akauliza.

"Mimi siwezi kuibadilisha."

Mungu anisamehe, niligonga meza. Labda huko walikochunguza ni kweli. Lakini ukweli wa huko unaletwaje huku mzima mzima, bila kuuliza wanaovikalia viti hivyo ni nani? Ni waombolezaji na watu wa ibada! Mtu amesoma mpaka chuo kikuu, amekosa swali moja dogo: ni vyako? Na watoto wanne wanakunywa uji wa chumvi kwa sababu nyanya yao ni mwaminifu!

Njenga akasukuma karatasi. Nyaluak hajui kuandika, kwa hiyo nikaandika kama alivyosema:

"Viti si vyangu, ni vya kanisa. Njooni muulize. Naomba mrudishe chakula cha watoto kwanza, halafu ndiyo mtengeneze hesabu yenu."