Mtani wa Ulyankulu

Nafundisha Historia ya Tanzania kwa simu. Wanafunzi wangu wa kidato cha nne wako Ipole, Isikizya, Choma na Ulyankulu. Mimi niko Tabora mjini, chumbani kwangu, nimevaa shati la kazini na bukta. Kamera inaishia kifuani, kwa hiyo elimu haidhuriki. Saa kumi jioni naita majina, nusu wanaitika, nusu baadaye husema mtandao. Mtandao siku hizi ndio malaria ya zamani, kila mtoro anaumwa huo.

Siku hiyo somo lilikuwa njia ya misafara. Niliwaeleza jinsi wapagazi wetu wa Kinyamwezi walivyobeba pembe za ndovu hadi pwani, wakazozana na Wagogo na Wazaramo njia nzima, wakaishia kuwa watani. Mpagazi akifia njiani, mtani ndiye aliyemzika. Ndiyo maana mpaka leo mtani huja msibani kwako, akazuia jeneza, akamwigiza marehemu, wafiwa wakacheka bila kutaka, na hana kosa.

Binti wa Ulyankulu akawasha maikrofoni. Babu yake alihamia kutoka Burundi. Wajukuu wamezaliwa hapa, ni Watanzania. Huyo babu alikuwa hoi kitandani.

"Mwalimu, sisi babu akifa, nani atakuja kututania?"

Nilikuwa nimebakiza dakika tano tu, na nusu nzima ya mada. Nikamjibu kwa ukali kwamba hilo haliko kwenye mtihani. Akazima maikrofoni. Wiki mbili hakuitika, na safari hii haukuwa mtandao. Niliona aibu, tena ile ya mtu mzima, ambayo huna pa kuipeleka.

Mwenzake wa Choma ndiye aliyenipa habari kwamba babu amefariki. Nikapanda basi la alfajiri. Mimi Mnyamwezi, nikajiambia, utani tunao hadi wa kugawa. Jeneza lilipokaribia kaburi nikawatangulia, nikatumbukia ndani, nikalala chali na suruali yangu ya kazini. Nikatangaza kwamba mzee hashuki humu mpaka nipewe jogoo, maana alipoingia Unyamwezi hakupiga hodi.

Hakuna aliyecheka. Katekista alifunga kitabu chake. Vijana wawili wakaanza kunishukia, na hawakuwa na sura ya mzaha. Kosa langu nililiona nikiwa chini kule. Kwetu mtani hajitambulishi, kila mtu anamjua. Hawa walikuwa wanamwona mwendawazimu kutoka mjini.

Yule binti akasogea ukingoni, macho yamevimba, akawazuia. Akaanza kuwaeleza wazee wake kwa Kirundi, akihesabu hoja kwa vidole kama ninavyofanya mimi. Nilichoambulia ni Wagogo na Wazaramo, nikajua tuko kwenye njia ya misafara. Somo langu la dakika arobaini alilimaliza kwa dakika mbili, na hakuna aliyesingizia mtandao.

Bibi yake, mjane, alimsikiliza hadi mwisho. Kisha akainama, akasema kwa Kiswahili:

"Mwambieni mtani wetu atoke, atamchafulia mzee kitanda. Jogoo mpeni, ila amkamate mwenyewe."

Baada ya maziko nilimkimbiza jogoo yule uwanja mzima, na wafiwa wote, bibi akiwa mbele, wakimshangilia jogoo.