Kugawa Chumvi Hadi Urambo

Kilichonitoa Tabora ni Kiingereza. Nilikuwa nimemaliza shule ya usiku, na mtaani kwetu Isevya ilisemekana (msemaji nikiwa mimi) kwamba Kiingereza changu kinaweza kumtoa nyoka shimoni. Dokta Pimbley alitafuta mkalimani, akanipata. Hakuwa dokta wa homa wala wa meno. Alikuwa mchumi wa chuo kikuu cha kwao, na kazi yake ilikuwa kupiga hesabu ya jinsi watu wanavyokisiana: huyu atafanya nini akidhani yule atafanya nini. Wakubwa wake walimwambia akazijaribu hesabu hizo kwa watu halisi. Akirudi na majibu, atapewa kazi ya kudumu; akikosa, nafasi itakwenda kwa mwingine.

Tuliondoka mjini asubuhi kwa lori, kutoka mtaa wa Gongoni, tukifuata njia ya zamani ya misafara ya Ujiji. Lori lile lilikohoa kuliko wodi nzima ya wagonjwa wa kifua. Njiani Dokta akanieleza mchezo wake. Watu wawili wanakaa vyumba tofauti, wasisikiane. Kuna mfuko mmoja wa chumvi. Kila mmoja anasema "naacha" au "nachukua". Wakiacha wote, wanagawana nusu kwa nusu. Akichukua mmoja, mfuko ni wake. Wakichukua wote wawili, mfuko unarudi kwenye lori.

"Hesabu zangu zinasema kila mmoja atachukua," alisema.

Usoke, kijiji chetu cha kwanza, walitupokea vizuri, ila kwa macho ya pembeni.

"Mtu mzima avuke bahari aje kugawa chumvi?" bibi mmoja aliniuliza. "Mwanangu, serikali inataka nini safari hii?"

"Ni masomo tu, bibi."

"Haya," akasema, na ile "haya" haikuwa na imani hata ya kujaza kijiko.

Wakacheza. Naacha, naacha, naacha, kijiji kizima. Watu waliogombania mipaka tangu enzi za Mjerumani waliachiana chumvi kama maharusi.

Jioni Dokta hakula. "Umewaambia cha kujibu," alisema.

"Sikuwaambia neno."

Tangu hapo hata nikimsalimia mtu, alitaka tafsiri.

Urambo tulifikia kwa Mama Kalunde, Mnyamwezi mwuza asali. Baba yangu ni Mzaramo, kwa hiyo tulikuwa watani kabla sijashuka kwenye lori.

"Mzaramo, umekuja kutuuza kwa Mzungu?"

"Nani atawanunua, mtani? Mnanuka moshi wa mizinga."

Akacheka, akaniwekea ugali mkubwa kama kichuguu. Hapo pia wote waliacha, yeye mmojawapo. Nikamwuliza mbele ya Dokta, "Mtani, kweli ungemwachia jirani yako chumvi?"

"Yule? Hata majivu nisingemwachia."

"Sasa mbona umeacha?"

"Jirani namjua. Huyu wako simjui. Mtu anakuuliza kama wewe ni mchukuaji, kalamu mkononi, nawe useme ndiyo? Kesho waje askari? Usoke walituletea habari mapema: semeni mnaacha, aende zake."

Nikatafsiri bila kupunguza. Dokta akaiweka kalamu chini.

"Hawakucheza wao kwa wao," akasema. "Walicheza na mimi."

Akaagiza mifuko yote iliyobaki igawiwe bila swali. Hapo ndipo watu walipoingiwa na shaka ya kweli. Mama Kalunde alimlambisha mbuzi wake kwanza, akamtazama mpaka jioni.

Tabora, kwenye stesheni, Dokta akisubiri treni ya pwani, nilimwonea huruma.

"Ukiandika kwamba walicheza na wewe, umerudi mikono mitupu na kazi imekwenda," nikamwambia. "Andika tu kwamba watu wa huku wanaaminiana. Nani atajua?"

"Wewe," akasema.

Kumbe bado alinishuku. Nilikuwa na jibu mdomoni, kwamba nisingemwambia mtu yeyote hata kwa viboko. Nikalimeza, maana angeniamini angeandika uongo. Katika safari ile nilijifunza kwamba upo ukweli unaolindwa na shaka tu, na ule ulikuwa mmojawapo. Nikampa mkono, nikamwacha apande treni akiendelea kunihofia.