Leo nilikuwa nimeshaacha mazoezi

Leo nimeamka nikiwa nimeshaacha mazoezi.

Sikumtangazia mtu. Nilivuta shuka tu.

Mwaka mpya ulinikuta na hamasa zote, jamani. Nesi aliniambia presha imepanda, nitembee kila asubuhi. Nikatembea. Lakini kazi yangu kiwandani ni ya kusimama kutwa, na mwili umechoka kweli.

Mara mlango ukagongwa. Mama mkwe.

Tunaishi naye hapa Kihonda tangu baba mkwe afariki. Tangu msiba ule, haendi mbali zaidi ya uani.

"Shikamoo mama. Kuna nini?"

"Marahaba. Leo huendi?"

"Nimechoka, mama."

Ndipo nikaona amevaa raba za mume wangu. Kubwa hizo, kamba kazikaza kama anafunga kuni.

"Nilitaka twende wote," akasema. "Kila siku nakusikia ukifungua geti, naona aibu kukuambia."

Sasa hapo ungejibu nini?

Tukatoka. Matope ya mvua ya jana, milima ya Uluguru yote imefunikwa na wingu. Tulipofika kwenye kona ya duka akaomba tupumzike. Nilishukuru kimoyomoyo, miguu ilikuwa inawaka.

Tukakaa. Akaanza kunisimulia jinsi baba alivyokuwa akikoroma. Akacheka sana. Kisha akalia, na mimi nikalia.

Kazini nimeshinda nasinzia.

Jioni hii kaniuliza kesho tunatoka saa ngapi. Nimechoka hoi, ila nimemjibu saa kumi na mbili.

Kuna mwingine humu anatembea na mkwe wake?